Nina LC50 ya saa 96 kwa perege. Nipateje kiwango kisichodhuru samaki kwa muda mrefu?

mto_mbarali

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wenye uelewa wa vipimo vya sumu kwa samaki wa maji baridi.

Tunashughulikia kiuatilifu kimoja cha wadudu kinachopulizwa kwenye mpunga huku Mbarali. Maji yakitoka mashambani yanarudi kwenye mifereji, yanaingia mtoni, yanapita Ihefu, kisha Ruaha Mkuu hadi Mtera. Jaribio la saa 96 limeshafanyika kwa vifaranga vya perege: viwango vitano na tangi la kulinganishia, vifo vikiandikwa kila baada ya saa 24. LC50, yaani kiwango kinachoua nusu ya samaki, tunayo.

Kinachonikwamisha ni hatua inayofuata. Msimu wa kupuliza ni wiki kadhaa na mashamba hayapulizwi siku moja, kwa hiyo samaki wa mferejini anakaa na dawa zaidi ya siku nne. Nimeambiwa gawa LC50 kwa 10. Mwingine kasema kwa 100. Wa tatu anasema bila jaribio refu la kuanzia yai hakuna namba ya kuaminika. Fedha ya jaribio refu kwa sasa haipo, ila kitu kidogo tunaweza kukiandaa.

Je, data za siku nne zinaweza kutumika kukadiria athari za muda mrefu kwa njia inayoeleweka? Na kama ni kugawa tu, nigawe kwa ngapi na kwa sababu gani?

---

takwimu_za_maji

Mkuu, kabla ya kugawa kwa chochote, fungua daftari la vifo vya saa 24, 48, 72 na 96. Humo ndimo mlimo na habari nyingi. Ukigawa LC50 kwa 10 au 100 unabaki na namba moja tu kati ya zote ulizozikusanya, nyingine zote umezitupa.

Hizo namba za kugawia zina historia. Mwaka 1967 watafiti Mount na Stephan walichukua samaki wadogo wa Marekani waitwao fathead minnow, wakalinganisha kiwango cha malathion kinachoua ndani ya siku chache na kiwango ambacho samaki hao wanaishi, wanakua na kuzaa bila tatizo. Toka hapo watu wamekusanya uwiano wa namna hiyo kwa kemikali nyingi. Kwa kemikali zinazolevya samaki bila kushika sehemu maalum ya mwili, uwiano huwa karibu na 10 au chini yake. Kwa zile zenye shabaha maalum, kama mishipa ya fahamu au homoni, unaweza kupita 100, na mara nyingine kupita 1000. Kwa hiyo anayegawa kwa 100 anajikinga na asichokijua kuhusu dawa yako. Kujikinga si vibaya, ila usije ukaandika kwenye ripoti kwamba umekadiria.

Njia inayotumia data zako zote ipo. Shirika la mazingira la Marekani lina programu iitwayo ACE, na ndani yake kuna njia ya hatua mbili ambayo unaweza kuifanya hata kwa Excel. Wazo lake ni hili: kadiri muda unavyorefuka, kiwango kinachohitajika kuua kinashuka, lakini kinashuka polepole zaidi na zaidi hadi kinakaribia kikomo. Ukichora kiwango dhidi ya 1 gawanya kwa muda, basi muda usio na mwisho unakaa kwenye sifuri. Pale mstari unapokata mhimili wa kiwango ndipo kwenye kikomo.

Hatua ya kwanza: kwa kila muda, fanya probiti (hesabu ya takwimu inayonyoosha asilimia za vifo ziwe mstari) ya vifo dhidi ya logi ya kiwango, upate LC50 na mteremko. Kisha shuka hadi LC0.01, yaani kiwango kinachoua samaki 1 kati ya 10,000, ambacho kwa matumizi haya tunakihesabu kuwa hakiui. Fomula: logi ya LC0.01 ni logi ya LC50 toa 3.719 iliyogawanywa kwa mteremko. Hatua ya pili: chora LC0.01 za muda wote dhidi ya 1/saa, pitisha mstari, soma pale x ni sifuri.

Tuseme, kwa mfano wa kufundishia tu, LC50 zako ni mikrogramu 80, 52, 42 na 37 kwa lita kwa saa 24, 48, 72 na 96, na mteremko ni 6 kwenye muda wote. 3.719 gawanya kwa 6 ni 0.62, ambayo ukiitoa kwenye logi ni sawa na kugawa kwa 4.17. LC0.01 zinakuwa takriban 19.2, 12.5, 10.1 na 8.9. Kwenye mhimili wa x weka 0.0417, 0.0208, 0.0139 na 0.0104. Mstari unakata kwenye mikrogramu 5.5 kwa lita. Linganisha na wenzako: wa kugawa kwa 10 angesema 3.7, wa kugawa kwa 100 angesema 0.37.

Sasa badilisha kitu kimoja tu, mteremko uwe 3 badala ya 6, LC50 zibaki vilevile. Kigawio kinapanda hadi 17.4 na jibu linashuka mpaka 1.3. LC50 hazikubadilika hata moja, lakini makadirio ya muda mrefu yamepungua mara nne. Mteremko mdogo maana yake samaki wanatofautiana sana kwa ustahimilivu, na wale dhaifu wanaanza kufa kwenye viwango vya chini kabisa. Hiyo ndiyo habari ambayo LC50 peke yake haiwezi kukupa.

Kwa sababu hiyo, idadi ya samaki kwa kila kiwango ina uzito mkubwa. Mwongozo wa majaribio namba 203 wa OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, unakubali samaki 7 kwa kiwango, na kwa kutafuta LC50 wanatosha. Kwa mteremko hawatoshi: samaki mmoja akifa kati ya 7 umeruka asilimia 14 kwa mkupuo. Weka 20 kwa kila kiwango kama matangi yanaruhusu, na panga viwango karibu karibu, kila kimoja kisizidi mara 2.2 ya kilicho chini yake, ili upate vifo vya kati na si sifuri halafu mia.

---

mto_mbarali

Asante sana mkuu, hii nilikuwa siijui. Tatizo ninaloliona: saa 24 karibu hakuna vifo isipokuwa kwenye tangi la juu kabisa, kwa hiyo LC50 ya saa 24 haipatikani. Na kati ya saa 72 na 96 vifo vilikuwa bado vinaongezeka. Je, hapo njia hii imekufa?

---

takwimu_za_maji

Haijakufa, ila imekupa onyo. Vifo vinavyoendelea kupanda kwenye saa 96 vinakuambia kikomo hakijafikiwa, na mstari wako utakuwa unakisia mbali kuliko data zinavyoweza kuubeba.

Safari nyingine usivunje jaribio saa 96. Endelea hadi siku ya 7 au ya 10, huku LC50 ya saa 96 ukiiripoti kama kawaida. Baada ya siku nne itabidi uwalishe kidogo, kwa sababu kifaranga mwenye njaa anakufa kwa njaa na wewe utaandika ni dawa. Chakula kitolewe kabla ya kubadilisha maji, mabaki yanyonywe kwa mpira mwembamba ndani ya saa moja. Angalia tangi la kulinganishia: vifo vikipita asilimia 10 kwenye zile saa 96, jaribio lote halina thamani.

Unahitaji angalau vipindi vitatu vyenye vifo vya kati. 48, 72, 96 na 168 vinafaa kabisa bila hiyo 24. Na kama kwenye tangi la juu walikufa wote kabla ya saa 24, ongeza kuhesabu kwenye saa 6 na 12, maana upande huo wa grafu nao unabeba mstari.

Kitu kingine usikisahau: namba inayotoka inahusu kufa tu. Haisemi lolote kuhusu samaki aliyebaki hai lakini hakui, au jike ambaye hatagi.

---

vifaranga_iringa

Sentensi ya mwisho ya takwimu_za_maji ndiyo ninayotaka kuanzia.

Ndugu, kifaranga wa gramu moja au mbili ameshavuka hatari nyingi. Mwaka 1977 mtafiti McKim alipitia majaribio ya maisha mazima ya samaki yaliyokuwepo, akaonyesha kwamba mara nyingi yai, mabuu na kifaranga mdogo ndio wanaoathirika kwenye viwango vya chini kuliko hatua nyingine. Ndiyo maana leo jaribio la muda mrefu linalokubalika zaidi kwa samaki ni la hatua za mwanzo za maisha, mwongozo wa OECD namba 210, uliotolewa 1992 na kurekebishwa 2013. Samaki wanawekwa kwenye dawa toka yai lililorutubishwa mpaka takriban siku 30 baada ya kuanguliwa kwa zebrafish (samaki mdogo wa maabara), siku 60 kwa trauti (samaki wa maji ya baridi). Unapima kuanguliwa, kuishi, urefu na uzito.

Vipimo vyake: viwango vitano na tangi la kulinganishia, mayai yasiyopungua 80 kwa kila kiwango yaliyogawanywa kwenye vyombo vinne, kiwango kisizidi mara 3.2 ya kinachofuata chini. Hesabu ya haraka ni mayai 480, na kama umetumia kiyeyushi kuyeyusha dawa, ongeza 80 ya tangi lenye kiyeyushi peke yake. Kiyeyushi kisizidi mililita 0.1 kwa lita. Asetoni ikizidi inalisha bakteria, maji yanapauka kama yametiwa maziwa, oksijeni inashuka, na mabuu wanakufa hata kwenye tangi lisilo na dawa.

Sasa samaki yupi? Kambale anavutia kwa sababu jike mmoja anatoa maelfu ya mayai na kwenye nyuzi 27 hadi 28 yanaanguliwa ndani ya siku moja hivi. Lakini kambale wanakulana. Mara tu wachache wanapowazidi wenzao ukubwa, wanaanza kuwameza, na wewe unahesabu upungufu kama vifo vya dawa. Mbaya zaidi, dawa ikiwafanya wakue kwa kutofautiana, kulana kunaongezeka, kwa hiyo makosa hayo hayasambai sawa kwenye viwango vyote. Kwa kambale fupisha: maliza pale kiini cha yai, chakula chao cha mwanzo, kinapoisha au siku chache baadaye, na uite jaribio la mayai na mabuu, usiliite la 210.

Perege ni mtulivu zaidi, ila jike anaatamia mdomoni. Mayai unayoyakamua mdomoni yanaweza kuwa na siku mbili au tatu, na saa za mwanzo kabisa za ukuaji utakuwa umezikosa. Ukitaka kuanza mwanzoni itabidi ukamue jike aliye tayari na urutubishe kwa mkono kwenye bakuli. Changanya mayai ya majike matatu au zaidi, vinginevyo unapima ukoo mmoja. Mayai ya perege ni mazito na yana kiini kikubwa, yakilala chini bila kutikiswa yanaoza. Tumia chupa yenye sakafu ya mviringo, maji yaingie kutokea chini yawe yanayazungusha taratibu. Toa meupe kila asubuhi kwa pipeti, maana ukungu wa yai moja lililokufa unasambaa hadi kwa majirani ndani ya siku moja.

Jambo la huku kwetu ni baridi. Perege na kambale wanataka nyuzi 26 hadi 28, na joto lisipishane zaidi ya nyuzi 1.5 kati ya chombo na chombo. Mbeya, Njombe au Mufindi mwezi Juni na Julai chumba kinaweza kushuka sana usiku. Usiweke hita ndani ya kila chombo, hazitalingana. Weka vyombo vyote ndani ya beseni moja kubwa la maji lenye hita mbili na pampu ya kuyazungusha, ili hata umeme ukikatika maji mengi yachelewe kupoa. Sambaza vyombo kwa kura, usipange kiwango cha chini upande wa dirisha na cha juu upande wa ukuta.

Kama nafasi ni ya kitu kidogo tu, ningefanya hivi: viwango vitatu badala ya vitano, vikikaa kuzunguka ile namba utakayoipata kwa njia ya takwimu_za_maji. Kwa mfano wake wa 5.5, weka 0.6, 1.8 na 5.5. Siku 28 kuanzia wanapomaliza kiini, pima uzito mwanzo na mwisho. Haitakuwa jaribio la kusajilia dawa, lakini itakuonyesha kama ukuaji unaguswa chini ya kiwango kinachoua. Ukiona 0.6 tayari imepunguza uzito, acha kabisa mjadala wa kugawa kwa 10.

---

kemia_nyanda

Wote mmezungumzia kiwango kana kwamba kinachoandikwa kwenye lebo ya tangi ndicho kilichomo ndani ya maji. Hapo ndipo majaribio mengi ya viuatilifu yanapopotea.

Mkuu mto_mbarali, kwanza umetumia dawa ya dukani au kiambato safi? Kama chupa imeandikwa 50 EC (EC ni dawa ya maji inayochanganyika na maji kama maziwa), mara nyingi maana yake gramu 50 za kiambato amilifu kwa lita, ila hakikisha kwenye lebo. Ikiwa ni gramu 50, mililita moja kwenye lita 1000 za maji inakupa mikrogramu 50 kwa lita. Ripoti kwa kiambato amilifu, usiripoti kwa mililita za dawa. Na ujue kwamba EC ina viyeyushi na sabuni zake ambazo nazo zinaumiza matamvua, kwa hiyo LC50 ya dawa ya dukani inaweza kuwa chini kuliko ya kiambato safi. Kwa mfereji wa Mbarali dawa ya dukani ina maana kwa siku ya kwanza. Baada ya hapo viambato vinatengana: vingine vinapeperuka, vingine vinashika tope. Kwa makadirio ya wiki nzima nzima kiambato safi ndicho kinachofaa.

Pili, dawa za kundi la pairethroidi na nyingine zisizopenda maji zinang'ang'ania plastiki, mpira wa silikoni, mabaki ya chakula na hata kinyesi. Tumia kioo. Loweka vyombo kwa maji yenye kiwango kilekile cha dawa usiku mmoja, uyamwage, ndipo uanze. Pima dawa kwenye maji mapya na kwenye maji ya zamani kabla hujayatoa. Ikiwa tofauti inapita asilimia 20, badilisha maji mara nyingi zaidi, angalau theluthi mbili ya maji kila siku, na hesabu zote zifanyike kwa wastani uliopimwa. Anayetumia kiwango cha kwenye lebo anaifanya dawa ionekane salama kuliko ilivyo, kwa sababu samaki walikufa kwa kiasi kilicho chini ya alichoandika.

Tatu, oksijeni. Mbeya mjini tuko kama mita 1700 juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 25 pwani yanashiba kwa miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, huku yanashiba kwa takriban 6.7. Mwongozo unasema isishuke chini ya asilimia 60 ya kushiba. Pwani hiyo ni karibu 5.0, hapa ni 4.0. Mita ya oksijeni ambayo haijawekewa shinikizo la hewa la hapa itakudanganya asilimia, na kifaranga aliye kwenye 4.0 anapitisha maji mengi zaidi kwenye matamvua yake, yaani anaingiza dawa haraka zaidi. Mimi ningelenga isishuke chini ya 5.5 kwenye kila chombo na nisisubiri asilimia. Uzito wa samaki ubaki chini ya gramu 1 kwa lita.

Kuhusu swali lako la kugawa kwa ngapi, kuna kipimo cha haraka. Mtafiti Könemann, 1981, alipata kwa samaki guppy na kemikali zinazolevya tu kwamba logi ya 1/LC50 ni 0.871 mara logi Kow, toa 4.87, LC50 ikiwa kwa mikromoli kwa lita. Kow ni uwiano wa jinsi kemikali inavyopenda mafuta kuliko maji, na logi yake utaikuta kwenye maelezo ya kiambato. Chukua kemikali ya logi Kow 4 na uzito wa molekuli 300: fomula inatoa mikromoli 24, sawa na miligramu 7.3 kwa lita. Kama LC50 uliyoipima ni mikrogramu 37, dawa yako ina nguvu mara 200 hivi kuliko kulevya tu. Ikizidi mara 10, ujue ina shabaha maalum mwilini, na ule uwiano wa 10 uliotajwa juu hauihusu. Kwa dawa ya wadudu karibu kila mara utakuta hivyo. Programu ya ECOSAR inafanya hesabu za aina hii na kutoa makadirio ya muda mrefu pia, lakini soma imeiweka kemikali yako kwenye kundi gani kabla hujaamini namba.

Na kuna kemikali ambazo siku nne hazionyeshi chochote. Homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango, ethinylestradiol, inaua samaki haraka kwenye viwango vya miligramu kwa lita. Lakini kwenye Ziwa 260 huko Ontario, Kanada, waliiweka kuanzia 2001 hadi 2003 kwa nanogramu 5 hadi 6 kwa lita, na fathead minnow wa ziwa zima wakakaribia kwisha kwa sababu madume yalipoteza uwezo wa kuzalisha. Nanogramu ni sehemu moja ya milioni ya miligramu. Hakuna mstari wa 1/muda wa vifo utakaogundua hilo. Kama kiambato chako kinajulikana au kinashukiwa kugusa homoni, njia ya ACE iweke pembeni kabisa.

---

mto_mbarali

Hapa nimeelewa. Dawa tuliyotumia ni EC ya dukani na viwango vilipimwa mwanzo tu, kwa hiyo tutarudia kupima na maji ya mwisho.

Swali la nyongeza: shambani dawa haikai kiwango kimoja. Siku ya kupuliza iko juu, siku zinazofuata inashuka. Je, nikishapata kiwango kisichodhuru, nakilinganisha na kilele au na wastani?

---

kemia_nyanda

Anza na kilele. Ikiwa kilele kiko chini ya kiwango kisichodhuru, umemaliza.

Kikiwa juu, ndipo unaweza kuangalia wastani wa muda. Kwa dawa inayopungua nusu kila baada ya siku 3, wastani wa siku 21 ni kama asilimia 20 ya kilele: ukianza na 10, wastani ni 2.0. Inavutia kutumia 2.0, lakini inaruhusiwa tu kama athari inategemea mkusanyiko wa siku nyingi. Rudi kwenye daftari lako: kama wengi walikufa siku ya kwanza na waliopona waliendelea vizuri, basi kilele ndicho kinachoua na wastani utakupoteza. Kwa pairethroidi kilele kinatosha kuua. Pia wastani huo unahesabu mpulizo mmoja. Mashamba kumi yakipuliza kwa siku tofauti kwenye mfereji mmoja, mfereji haupati nafasi ya kushuka.

---

kyela_maji

Naongeza la shaba, kwa sababu wengi wanaosoma uzi huu wako kwenye kahawa ya Mbozi na Rungwe ambako dawa za ukungu zenye shaba ni za kawaida.

Kwa metali usichukue LC50 ya kitabuni bila kujua ugumu wa maji, yaani wingi wa kalsiamu na magnesi iliyoyeyuka humo. Fomula ya zamani ya Marekani ya kiwango cha muda mrefu cha shaba iliyoyeyuka ni e kwa kipeo cha (0.8545 mara logi asilia ya ugumu, toa 1.702), mara 0.96. Maji ya ugumu wa miligramu 100 kwa lita yanatoa takriban mikrogramu 9 kwa lita. Maji laini ya ugumu wa 20, ambayo ni ya kawaida kwenye vijito vya milimani, yanatoa 2.3 tu. Shaba ni ileile, samaki ni yuleyule, ila uvumilivu umepungua mara nne. Tangu 2007 wao wenyewe wamehamia kwenye hesabu inayoangalia pia pH (uchachu wa maji) na kaboni ogani iliyoyeyuka, lakini kama una kifaa cha kupima ugumu tu, hiyo ya zamani inakupa pa kuanzia. Jaribio lifanyike kwa maji ya kijito kinachohusika au maji yaliyotengenezwa kwa ugumu uleule. Maji ya kisima chenye chokaa yatakupa jibu zuri la uongo.

Halafu fikirieni samaki ambao hatuwezi kuwafuga. Mbasa wa Ziwa Nyasa wanapanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga, yaani mayai yanakuwa mtoni kipindi kilekile mvua inaposhusha dawa kutoka mashambani. Hakuna LC50 ya mbasa. Programu ya ICE, ndugu wa ACE, inakadiria LC50 ya samaki mmoja kutokana na ya mwingine, na ukikosa jamii yake unapanda hadi kwenye familia. Tumia mpaka wa chini wa makadirio, usitumie namba ya katikati. Kwa mtazamo wangu hapa ndipo kugawa kwa 10 juu ya kiwango cha muda mrefu cha perege kunapokuwa na sababu inayoeleweka: unafidia tofauti ya samaki na samaki, baada ya kuwa umeshashughulikia tofauti ya muda kwa data.

Zebaki ya machimbo ya dhahabu ya Chunya usiiingize kabisa kwenye hesabu hizi. Inapanda kwa njia ya chakula, samaki anayekula samaki wenzake anaibeba mwilini hata maji yakiwa karibu safi. Huko unapima nyama.

---

mto_mbarali

Nashukuru sana wote. Mpango wetu: kurudia jaribio kwa samaki 20 kwa kiwango hadi siku ya 10 tukitumia kiambato safi, LC0.01 kwa vipindi vinne, kisha viwango vitatu vya siku 28 kwa vifaranga vilivyotoka kumaliza kiini. Sampuli za maji tutazipeleka maabara, ila kutoka huku Rujewa ni mwendo. Zinavumilia muda gani?

---

kemia_nyanda

Usisafirishe maji kama unaweza kuepuka. Chukua sampuli katikati ya kina cha chombo kwa pipeti ya kioo, si juu ambako kuna utando wala chini ambako kuna kinyesi. Weka kwenye chupa ya kioo ya kahawia iliyoshaoshwa kwa kiyeyushi, na papo hapo mwagia kiyeyushi ambacho maabara yako inakitumia kutolea dawa, ndani ya chupa hiyohiyo. Kwa njia hiyo hata kilichonata kwenye kuta za chupa kinatoka. Funga kwa kifuniko chenye karatasi ya teflon, weka kwenye boksi la barafu gizani.

Andaa pia chupa mbili za maji safi ulizozitia dawa kwa kiwango unachokijua, zisafiri pamoja na nyingine. Maabara ikikurudishia asilimia 70 ya ulichotia, unajua safari na utoaji vimekula asilimia 30, na utajua namba zako nyingine zisomwe vipi.